Si yetu ni hapana, si yao ni ndiyo

Anko Kamusi anajibu barua zenu

Haya wapendwa, toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu kuhusu neno "dua", nikasema hata Kimalei kinalo na ni lile lile la kwetu, nikafunga safu nikaenda kulala. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zilizoingia karibu zote ni za maneno mafupi, nani kaazima kwa nani, mbona neno hili huku salamu kule tusi, mmoja kaandika kurasa nne kuhusu neno la herufi mbili, asee sijawahi kuona. Nimezipunguza zilizozidi, na huyo aliyenisahihisha kuhusu dua nimemweka mwisho makusudi, nilitaka nipumue kwanza.

"Kila nikieleza kitu nasikia si, si, si"

Anko Kamusi shikamoo. Mi nafanya kazi na timu ya watu wa nchi mbalimbali, tunakutana kwa vidio, na kuna mwenzetu mmoja anaongea Kihispania, kamera hawashi hata siku moja, unasikia sauti tu. Kila nikieleza pendekezo langu anadakia "si, si, si". Wiki nzima nikawa nafuta naanza upya, nafuta naanza upya, mpaka kiongozi wetu akaniuliza mbona kila siku uko ukurasa wa kwanza. Ndo naambiwa si ya kwao ni ndiyo. Sasa inakuwaje neno moja liwe ndiyo huku na hapana kule, nani aliligeuza?
Aliyefuta Kazi Bure

Marahaba, na pole sana. Hakuna aliyeligeuza. Hayo ni maneno mawili yasiyojuana kabisa, yamekutana njiani yamevaa shati la aina moja.

La kwao limetoka Kilatini. Warumi hawakuwa na neno moja la kila siku la kusema ndiyo kama sisi, ukimuuliza mtu umekula anakujibu nimekula, au anasema "sic", yaani hivyo, ni hivyo hivyo ulivyosema. Ile c ya mwisho ikachakaa midomoni mwa watu karne na karne, ikabaki si, ndo hiyo waliyonayo Waitaliano na Wahispania, Wareno wao wakaivutia puani ikawa sim. Huko Ufaransa walishika njia nyingine, walisema "hoc", yaani hilo, kusini ikabaki oc, kaskazini wakaibandika neno lingine ikawa oïl ambayo ndo oui ya leo. Dante, yule mshairi wa Italia, mwanzoni mwa karne ya 14 alizipanga lugha hizi kwa neno lao la ndiyo tu, hawa wa oc, hawa wa oïl, hawa wa sì, na eneo moja kusini mwa Ufaransa linaitwa Languedoc mpaka leo, maana yake lugha ya oc. Yaani sehemu nzima inaitwa Lugha ya Eeh. Napenda sana hiyo.

Si yetu sisi ni kikanushi cha Kibantu, ndo ile ya "si mwalimu", ndo hiyo hiyo imejibanza ndani ya sijui na siendi na usiguse. Ila hebu jisikilize ukiwa unaongea na mtu mliyezoeana. "Si nilikwambia?" Hapo umekataa nini? Hujakataa kitu, unamtaka mwenzio akiri. "Si huyo hapo!" Umenyoosha kidole kabisa na mtu tunamwona. "Si twende basi." Kwa hiyo hata si yetu ina siku zake za kuvuka mto ikakaa upande wa ndiyo, na sisi wenyewe hatujawahi kuchanganyikiwa, manake sauti inatuambia.

Na Wafaransa pamoja na oui yao hawakuitupa si, wameiweka kwa kazi moja nzuri mno. Mtu akikuuliza "hujala?" na wewe umekula, ukisema oui umeharibu, unatakiwa useme si, yaani "unavyodhani sivyo, nimekula". Sisi hapo ndo tunapogombana kila siku, "hujala?", "ndiyo", sasa ndiyo umekula au ndiyo hujala? Ningeweza kuazima kitu kimoja tu Kifaransa ningeazima hiyo.

Kuna moja zaidi ya kuangalia ukiandikiana meseji na huyo mwenzio. Kihispania sí yenye kijistari juu ya i ndo ndiyo, ikikosa kijistari inakuwa "kama", ile ya "kama ukija". Watu wengi kwenye simu hawajisumbui na kijistari, kwa hiyo utaona si umngoje amalizie sentensi. Kwa Kiitaliano nayo bila alama inafanya kazi ya -ji- yetu, "si lava" ni anajiosha. Ukitoka hapo ukaenda Uchina ndo kabisa, si ikitamkwa kwa sauti inayoshuka ni nne, ikitamkwa kwa sauti inayozama halafu inapanda ni kufa, na kwa ajili ya kufanana huko kuna majengo hayana ghorofa ya nne, lifti inatoka tatu inaenda tano kama vile hakuna kilichotokea. Wajapani walichukua hesabu hiyo kwa Wachina, wakapata shi ya nne na shi ya kifo zimelingana kabisa, ndo maana mara nyingi wanaikwepa wanasema yon.

Usijione mjinga lakini. Mi mwenyewe nilikaa meza moja na jamaa anaongea Kipolandi kwenye simu, "no, no, no, no", uso mkavu, nikajua hapa kuna mtu anaachishwa kazi. Alipokata nikamuuliza kwa upole kama mambo ni salama, akanishangaa, alikuwa anaelekezwa njia na mama yake. No ya Kipolandi kwenye maongezi ya kawaida ni "ehe, ee, naam". Ndiyo yao rasmi ni tak, na kabla hujaizoea hiyo ujue tak ya Kimalei ni "si" na tak ya Kidenmaki ni "asante". Muombe tu mwenzio awashe kamera.

"Nimegundua Kijapani na Kiswahili ni ndugu"

Anko, najifunza Kijapani kwenye simu mwezi wa pili sasa na nina ugunduzi mkubwa. Wana mimi, wana nani, wana kuni, sasa, hana, moto, kumi, taka. Wanatamka kama sisi kabisa, silabi moja moja, hakuna herufi zinazogombana. Na nani yao ni neno la kuuliza kama ya kwetu! Hii haiwezi kuwa bahati. Naomba uchapishe kabla mtu hajaniwahi.
Profesa Ajaye

Profesa, nimechapisha kama ulivyoomba, sasa tukae chini.

Chukua orodha yako uandike maana pembeni. Mimi ya Kijapani ni sikio. Kuni ni nchi. Sasa ni aina ya mianzi midogo. Hana ni ua, na pia ni pua. Moto ni asili au chanzo. Kumi ni kundi. Taka ni mwewe. Maneno manane, moja tu ndo limekaribia, na hilo nalo limekosea mlango, manake nani yao ni "nini", siyo "nani". Halafu hiyo nani ukiipeleka India kwa wanaoongea Kihindi ni bibi mzaa mama, ukiipeleka Hawaii ni nzuri, kitu cha kupendeza. Na hana ukiipeleka Korea ni moja. Sasa kwa utaratibu wako tutakuwa ndugu na dunia nzima kufikia Ijumaa.

Ulichosema kweli, na ndo sababu yenyewe, ni hiyo ya silabi. Kijapani kina vokali tano, a e i o u, sawasawa na sisi, na silabi zao nyingi ni konsonanti moja na vokali moja kama zetu. Hebu piga hesabu ya haraka tu, sema lugha ina konsonanti 15 na vokali 5, hizo ni silabi 75. Maneno ya silabi mbili unayoweza kuyaunda ni 75 mara 75, yaani 5,625, basi, hakuna mengine. Na kila lugha ina maelfu kwa maelfu ya vitu vya kuita majina, na vile vya kila siku vyote vinataka majina mafupi. Viti vichache, abiria wengi. Kihawaii ndo kimebanwa zaidi, konsonanti 8 tu na vokali 5, ukiacha zile za kuvuta, na ukihesabu pia vokali inayosimama peke yake, unapata silabi 45, kwa hiyo neno lolote fupi la Kiswahili lililojengwa kwa sauti walizonazo, jaribu, ni rahisi sana kukuta kule tayari lina mwenyewe. Kumbe cha kushangaza kingekuwa tusipogongana.

Sasa utajuaje undugu wa kweli? Siyo kwa kufanana, sikiliza vizuri hapa, ni kwa kutofautiana kwa mpangilio. Chukua Kichewa. Mvua wao wanasema mvula. Njaa wanasema njala. Kuvaa wanasema kuvala. Umeona kinachotokea? Palepale sisi tunapogonganisha vokali mbili, wao wana l katikati, na siyo mara moja kwa bahati, inajirudia neno baada ya neno. Maana yake zamani sote tulikuwa nayo hiyo l, sisi tukaiangusha njiani wao wakaishika. Ukiniletea orodha ya Kijapani yenye kitu cha namna hiyo, maneno ishirini thelathini, maana zinalingana na sauti zinapishana kwa kanuni moja, nakupa safu hii uiandike wewe.

Na usidhani kulingana kwa sauti na maana kwa pamoja ndo kunatosha. Kuna lugha ya wenyeji wa Australia, kaskazini mwa Queensland, inaitwa Mbabaram. Mtaalamu wa lugha Dixon alipokuwa anakusanya maneno yake miaka ya 1960, akauliza mbwa mnamwitaje, akajibiwa "dog". Dog kabisa, kama Kiingereza, na mnyama ni yule yule. Yeyote angesema hilo wamelitoa kwa Waingereza. Hapana, lugha za jirani zina gudaga kwa maana ya mbwa, Mbabaram kwa kawaida yake iliyakata maneno kichwa, hili likakatwa na mkia, likabaki dog. Waajemi nao wanasema bad kwa kitu kibaya, Waingereza wanasema bad kwa kitu kibaya, na hayo maneno mawili hayana babu mmoja. Basi endelea na kozi yako Profesa, na ukifika somo la viungo vya mwili usicheke.

"Eti kuna watu mama ni baba?"

Shikamoo Anko. Mume wangu kasoma mahali kwamba kuna nchi mtoto akiita mama anaitika baba. Nimemwambia aache uongo, mama ni mama dunia nzima, hilo neno Mungu mwenyewe kaliweka. Tumewekeana dau la kuosha vyombo mwezi mmoja. Niambie ukweli.
Mama wa Wawili

Marahaba mama. Andaa sabuni.

Ni Georgia, ile nchi ya milima ya Kaukasi. Kijojia baba ni mama, na mama ni deda. Siyo utani. Na hawako peke yao, kuna Kipitjantjatjara cha Australia, nacho mama ni baba. Kihindi mama ni mjomba, kaka yake mama yako, kwa hiyo mjomba wa mtu anaitwa mama na hakuna anayeona ajabu.

Lakini hujakosea sana, nakuhurumia nusu ya vyombo. Roman Jakobson, mtaalamu wa lugha mzaliwa wa Moscow, mwaka 1960 alitoa makala akijiuliza swali lako hili hili, kwa nini mama na papa zimezagaa hivyo kwenye lugha zisizo na undugu. Alikuwa na orodha ya maneno 1,072 ya kuita wazazi, iliyokusanywa sehemu mbalimbali duniani, na akaona maneno ya mama zaidi ya nusu yana m au n au zile za puani, ya baba machache tu. Maelezo yake mtu yeyote aliyenyonyesha anayathibitisha papo hapo. Mtoto akiwa ziwani mdomo umejaa, sauti pekee inayoweza kutoka inapitia puani, mmm mmm. Baadaye akiliona ziwa, au akiwa na njaa tu, anarudia ile ile. Akifungua mdomo katikati ya mmm, inatoka ma. Ma ma ma. Yeye hajaita mtu, anaomba chakula, ila mama kasikia kaitwa na kakimbilia, na ndo hivyo neno limezaliwa. Pa na ba na da zinakuja kwa urahisi vilevile, midomo au ulimi unagusa unaachia, hizo anagawiwa aliyebaki chumbani. Yaani mtoto anatoa sauti, wakubwa ndo wanagawana. Huko Georgia nahisi baba aliwahi kufika kitandani.

Kwa hiyo usishangae hili kabati lote la majina ya nyumbani limevurugika. Baba kwa Kituruki ni baba, kwa Kiyoruba ni baba, kwa Kichina ni baba, hapo tunapongezana, halafu ukifika kwa Warusi na Wapolandi baba ni bibi kizee. Dada Kihindi ni babu mzaa baba, Kibengali ni kaka. Kaka nayo Kigujarati ni baba mdogo, na kwa Wahispania na Wafaransa (samahani kwa walio mezani) ni neno la kitoto la kinyesi. Wamaori wa Nyuzilandi wao kaka ni kasuku, ila a zake wanazivuta.

Papa ndo kichekesho. Kwetu yuko baharini ana meno. Kihispania, el papa ni Papa wa Roma, la papa ni kiazi, na papá ukikaza mwisho ni baba. Hiyo ya kiazi haikutoka Ulaya kabisa, ni Kikechua cha watu wa milima ya Andes, viazi vilikuja na jina lake, na Hispania kwenyewe wakaichanganya na batata, jina la kiazi kitamu kutoka visiwa vya Karibi, ndo ikatoka patata. Unaona basi, hapo kuna neno moja limesafiri na mzigo wake na mengine yamekutana nalo bandarini tu. Vyombo mama, mwezi mmoja, usimwambie nilisema nusu.

"Kwani ni neno lile lile?"

Mhariri wa safu, nimefundisha lugha miaka mingi. Unapoandika kwamba neno fulani lina maana kumi katika lugha kumi unawapotosha vijana. Ni herufi zinazofanana, siyo neno.
Mwalimu Mstaafu

Shikamoo mwalimu. Nakubali kwa asilimia mia moja na nimeinama. Mfano wa kila siku ni ma ya Kichina, ambayo tukiandika kwa herufi zetu tunaona moja, kumbe wao wanasikia nne, juu tambarare ni mama, inayopanda ni katani, ya kuzama na kupanda ni farasi, ya kushuka ghafla ni kugomba. Kivietinamu zimo sita, mzuka, shavu, lakini, kaburi, farasi, na mche wa mpunga. Mchina ukimwambia hayo ni neno moja lenye maana nyingi anakuangalia kama mtu aliyesema kata na kete ni neno moja.

Na sisi wenyewe tusijifanye hatumo. Hebu soma hii kwa sauti, barabara. Ukikanyaga silabi ya tatu ni njia ya magari. Ukikanyaga ya pili ni sawasawa, vilivyo, kama ilivyotakiwa. "Barabara imetengenezwa barabara." Herufi hazijabadilika hata moja. Mgeni anayejifunza Kiswahili kwa kitabu anaona tumerudia neno, mwenye lugha anasikia maneno mawili.

Ningebishana nawe kidogo tu mwalimu, hapa. Masikioni mwa mgeni hayo ni neno moja, na ndo yanayomfanya huyu wa juu afute kazi wiki nzima. Kosa la kusikia nalo ni jambo la lugha.

"Jina la biashara yangu"

Anko naanzisha kampuni ya kukusanya taka na kuzigeuza bidhaa, jina ni Taka tu, fupi, linakaa kwenye nembo vizuri. Binamu yangu ananitisha eti nikitoka nje ya nchi nitachekwa kama ile gari ya Nova iliyoshindwa kuuzika kwa Wahispania kwa sababu kwao "no va" ni haiendi. Nibadilishe?
Mjasiriamali

Usibadilishe. Bangladesh taka ndo sarafu yao, yaani pesa yenyewe. Kipolandi ni "ya namna hii". Kwa Profesa wetu wa Kijapani ni mwewe. Nani atakucheka? Kwa kweli anayeweza kukucheka ni Mswahili mwenzio, na yeye ndo mteja.

Hadithi ya Nova naomba mwambie binamu aipumzishe. Chevrolet waliuza hiyo gari Meksiko na Venezuela na iliuzika vizuri tu. Mhispania akisikia nova hasikii "no va", mkazo uko sehemu tofauti, ni kama umwambie Mswahili asinunue kitu kinachoitwa "Sitara" kwa sababu kimeanza na "si". Iliyo ya kweli ni ya Mitsubishi Pajero, ambayo Hispania na sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini iliuzwa kwa jina la Montero, manake pajero kwa Kihispania ni tusi la chumbani ambalo mhariri hatanikubalia. Lugha zilizopo duniani zinakaribia 7,000, huwezi kuzikagua zote. Kagua za kule unakouza, na usikague kwa kamusi, mpe mtu wa huko alisome kwa sauti uangalie uso wake.

"Arigato si ndo obrigado?"

Mreno kasema obrigado, Mjapani kasema arigato, Wareno walifika Japani 1543. Kesi imeisha.
Hakimu

Kesi imefutwa. Arigato imetoka kwenye arigatashi, neno la zamani la Kijapani la kitu kilicho adimu, kigumu kupatikana, na lilikuwa kwenye maandishi yao karne nyingi kabla Mreno yeyote hajaiona pwani ile. Kuna maneno ya Kireno kweli yaliyobaki Japani, pan ya mkate ni mojawapo, ila la shukrani walikuwa nalo.

"Dua ulikosea"

Anko kwa heshima zote. Ulisema Kimalei wana dua na ni lile lile la kwetu. Nimekaa na Wamalei, dua kwao ni mbili. Moja, mbili. Hesabu.
Mtu wa Hesabu

Haya, ndo hapa. Nilikosea, na nilikosea nusu ambayo ni mbaya kuliko kukosea nzima, manake mtu unajiamini. Neno la kumwomba Mungu wanalo kweli na limetoka Kiarabu kama la kwetu, lakini wao wanaliandika doa, na dua ni mbili kama ulivyosema. Nililisikia doa nikalisoma dua nikapitisha. Yaani Mmalei akitaka kusema dua mbili anasema "dua doa", na mimi ningekuwa nimesimama pembeni nimeitikia amina mara mbili. Halafu doa kwetu lipo pia na ni la kwenye shati.

Na kabla hamjaandika, najua mnaandika, kwamba dua ya mbili imefanana na duo ya Kilatini, hapana. Ya Kimalei ina ndugu zake wenyewe, Wamaori wanasema rua, Wahawaii wanasema lua, d na r na l zinapokezana kwenye visiwa vyote hivyo kwa mpangilio, ile ile tuliyoiona kwenye mvua na mvula. Kilatini kimefanana tu.

Yule wa kurasa nne za neno la herufi mbili, nimefika ukurasa wa pili. Mwandiko wako ungeurekebisha kidogo, sijajua mpaka sasa kama ni "na" au "ma".